Mimi au Boti

Bi Keziah Farnham alikuwa na dawa moja tu ya mambo yaliyomshinda kichwa, nayo ni kupika. Ilipofika saa nne asubuhi, Jumamosi ile ya mwisho wa Mei, maharage ya kila Jumamosi yalikuwa yakiiva taratibu ndani ya tanuri, mkate mweusi ulikuwa kwenye mvuke, na mezani kulikuwa na keki mbili ambazo hakuna mtu aliyeziomba. Katikati ya keki hizo, chini ya bakuli la sukari, kulikuwa na karatasi ya serikali.

"Usiitazame," alimwambia binti yake. "Ukiitazama sana utaitia saini."

"Siitazami, mama."

"Unaitazama. Haya, hayo macho yako yako wapi kama si hapo?"

Lovina akayahamishia macho yake dirishani. Hakupata nafuu yoyote, kwa maana dirisha lile lilielekea gatini, na gatini ndiko ilikofungwa boti yenyewe. Ilikuwa boti ya futi arobaini, nyeupe, yenye injini ya petroli na kifua kipana cha kupasulia mawimbi, na nyuma yake zilikuwa zimeandikwa herufi za rangi ya samawati: LOVINA. Baba yake, Kapteni Amasa, aliijenga kwa miaka miwili nyuma ya nyumba, akaipa jina la binti yake wa pekee. Kisha, kabla ugonjwa wa mapafu haujamchukua mwaka jana, aliiandikisha kwa jina la binti huyo pia. Kwa hiyo katika Ghuba ya Tibbett nzima, msichana wa miaka ishirini na tatu alikuwa na boti nzuri kuliko ya mwanamume yeyote, na boti hiyo sasa ilitakiwa vitani.

Yalikuwa majuma saba tangu Marekani iingie kwenye vita na Wajerumani. Watu walisema nyambizi zao zinaweza kuibuka mlangoni mwa ghuba siku yoyote. Jeshi la majini halikuwa na vyombo vidogo vya kutosha, ndiyo maana lilikuwa likipita pwani yote ya Maine na kukusanya boti za watu binafsi: za matajiri wanaokuja majira ya kiangazi, za wabeba samaki, chochote chenye injini na mbavu imara. Boti ikichukuliwa hupakwa rangi ya kijivu, hupewa namba, hufungwa bunduki mbele, kisha hupelekwa kufanya doria baharini. Luteni Prescott alifika jana, akaigonga LOVINA ubavuni kwa vidole kama mama anayechagua tikiti maji sokoni, na uso wake ukaonyesha wazi kwamba amependa. Angerudi leo saa tisa kuchukua jibu. Saini iliyotakiwa ilikuwa ya mwenye boti, haikuwa ya mtu mwingine.

"Na huyo Jud wako," alisema Bi Keziah, akijipangusa unga mikononi. "Juzi jioni alikuwa anakunong'oneza nini pale getini?"

Lovina alijua hakuna njia ya kulikwepa swali hilo. Mapenzi ni kikohozi, na yeye alikuwa amekohoa siku mbili mfululizo.

"Alisema anataka kunioa."

"Juzi, Alhamisi." Bi Keziah akakunja kidole. "Na Jumanne alikuwa wapi?"

"Rockland. Alikwenda kununua kamba za madema."

"Kamba! Bi Hepsy wa posta alikuwa Rockland siku hiyohiyo, amekwenda kung'olewa jino. Amemwona kwa macho yake mawili anatoka ofisi ya wanamaji. Hakuwa na kamba hata ya kujinyongea."

Lovina akasogeza sahani ya keki ambayo haikuhitaji kusogezwa.

"Jumanne yuko kwa wanamaji," mama yake aliendelea, akikunja vidole kimoja kimoja. "Alhamisi anaomba uchumba. Ijumaa luteni anabisha mlango, anataka boti. Mimi sikusoma sana, mwanangu, lakini siku za wiki nazijua."

"Jud si mtu wa namna hiyo."

"Jud ni mtu wa namna gani? Alikuja hapa na miaka kumi na sita, ana shati moja, hana baba, hana mama. Baba yako akampa kazi. Sisemi ni mvivu. Nasema huku kwetu boti ya mke ni boti ya mume, na huko jeshini anayekwenda na boti yake anapewa unahodha. Anayekwenda mikono mitupu anapewa ufagio."

"Kwa hiyo unataka nifanye nini?"

"Usitie saini. Boti ikibaki, naye atabaki. Kama ni wewe anayekutaka, utamwona hapa mwezi ujao na mwaka ujao. Kama ni boti, utakiona kisogo chake. Hakuna kipimo kingine."

Kipimo kilikuwa kizuri, na hicho ndicho kilichomuumiza Lovina. Alivua aproni, akasema anakwenda kupunga hewa.

"Hewa ya kwenye kibanda cha Jud?" mama yake alimuuliza.

"Hewa ni hewa, mama."

Njiani alijaribu kukasirika, akashindwa. Akajaribu kucheka, akashindwa vilevile. Kila akitaka kumchukia Jud, kumbukumbu ya Alhamisi ilimjia na kumwekea mkono mdomoni. Jud alikuwa amevua kofia yake, kisha akasahau la kuifanyia, akawa anaizungusha mikononi huku maneno yakimtoka moja moja. Alimtazama namna ambayo hakuna mwanamume aliyewahi kumtazama, kama mtu anayejifunza sura kwa moyo. Wakati ule Lovina alidhani hayo ni mapenzi. Sasa hakujua ni nini. Je, mtu anayepanga kukuibia hukutazama hivyo? Au ndivyo hasa anavyokutazama? Alikuwa amemwomba siku mbili za kufikiri, na katika siku hizo mbili alikuwa amesema ndiyo mara mia mbele ya kioo.

Kibanda kilikuwa wazi na Jud hakuwemo. Lovina aliingia ili amngoje, na alipoingia tu alisimama kama aliyepigwa.

Katika ghuba ile kila mvuvi wa kamba-koche ana rangi zake. Anazipaka kwenye maboya yanayoelea juu ya madema yake, yaani mitego yake, na rangi hizo ni sawa na jina lake. Ukigusa dema lenye rangi za mwenzio wewe ni mwizi, na kesho yake utakuta kamba zako zimekatwa na hakuna atakayekuonea huruma. Jud rangi zake zilikuwa nyekundu na nyeupe. Kapteni Amasa zake zilikuwa njano yenye mstari wa kijani, na tangu azikwe hakuna mtu aliyezitupa majini.

Kibanda kizima kilikuwa kimetundikwa maboya ya njano. Yalining'inia kwenye boriti kwa safu, zaidi ya mia, na mistari yake ya kijani ilikuwa bado mibichi. Lovina aligusa moja, rangi ikambakia kiganjani. Chini ya ile njano, mahali ambapo brashi haikupita vizuri, nyekundu ya Jud ilikuwa ikichungulia.

Mtu kuchukua rangi za mwenzake na kuzipaka kwenye maboya yake mwenyewe ni kosa ambalo watu wa pale hawakuwa hata na jina lake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulifanya. Lovina hakuhitaji kuambiwa na Bi Hepsy. Jibu lake hajalitoa, na mwanamume ameshajirithisha rangi za baba yake.

Jud Alley aliingia wakati huo, ameshika ndoo ya chambo, mrefu hata ikambidi ainame mlangoni. Alipomwona Lovina uso wake uling'aa. Alipoona anachokitazama, ukazimika.

"Nani kakupa ruhusa?" Lovina aliuliza.

"Vina, nilitaka kukuambia leo."

"Nimekuuliza nani kakupa ruhusa! Hizi ni rangi za baba yangu. Haujatimia mwaka na nusu tangu alale kaburini, nawe umeshazivaa!"

"Sijazivaa. Nilitaka nikueleze taratibu, nikishamaliza."

"Wewe una mambo mengi ya kunieleza, Jud, na yote yamechelewa. Hebu niambie, Jumanne kule Rockland ulinunua kamba za aina gani?"

Jud akaiweka ndoo chini, taratibu sana.

"Bi Hepsy," alisema.

"Bi Hepsy na jino lake, ndiyo. Ulikwenda kufanya nini?"

"Nilijiandikisha jeshini."

"Kabla hujaniomba uchumba."

"Kabla sijakuomba."

Alilisema bila kuficha chochote, na hilo lilimchanganya Lovina zaidi. Mwongo angetafuta neno. Huyu alisimama tu pale, ananuka chambo, anangoja kipigo.

"Basi nijibu swali moja," alisema Lovina. "Unanitaka mimi, au unataka boti?"

Mwanamume yeyote mwenye akili timamu angesema "wewe" kabla swali halijaisha. Hata wasio na akili wangesema hivyo. Lakini Jud Alley alikuwa na ugonjwa wa kusema kweli, tena aliisema kuanzia mwisho.

"Boti naipenda," alisema.

Jamani! Lovina akanyakua boya moja na kumrushia. Likampata begani, likamwachia doa la kijani kwenye shati. Akanyakua la pili.

"Ngoja nimalize!" Jud alipaza sauti, mikono juu. "Naipenda kwa sababu niliijenga na baba yako! Kila ubao wa boti ile niliushika mimi akipigilia yeye. Nikikuambia siipendi nitakuwa nakudanganya. Lakini sikuiomba, Vina. Luteni aliniuliza Jumanne kama kuna boti nzuri huku kwetu, nikamwambia zote mbovu."

"Uongo."

"Muulize mwenyewe. Alikuja Ijumaa kutazama boti ya Bwana Loring, akaiona ya kwako imefungwa gatini. Ana macho yule. Mimi nilishapangiwa hiyo ya Bwana Loring toka Jumanne."

Lovina alishusha boya. Bwana Loring alikuwa mtu wa kiangazi kutoka Boston, na boti yake kila mtu aliijua: nyembamba, ndefu, imepigwa vanishi hadi unajiona sura, ndani ina mito ya mahameli.

"Ile ya kunywea chai?" aliuliza.

"Hiyo hiyo."

"Ile ilijengwa kwa ajili ya ziwa, Jud. Ikikutana na wimbi moja la Novemba itakunjika kama karatasi."

"Najua."

"Unajua, na bado unakwenda nayo?"

"Tunakwenda na tunachopewa."

Lovina hakujua aendelee kukasirikia nini. Akalishika lile boya lililobaki mkononi.

"Na maboya? Haya nayo uliyapaka kwa sababu gani?"

Jud akavua kofia yake, akaanza tena kuizungusha.

"Madema yangu ni mia na ishirini. Mimi nikiondoka na rangi zangu zikabaki majini, wewe huwezi kuyagusa. Ungeitwa mwizi mbele ya kijiji kizima. Lakini yakiwa na rangi za Kapteni Amasa, hayo ni ya Farnham. Ni yako. Unaweza kuyavuta kwa mashua ya makasia, hapa karibu karibu, wewe na mama yako mkapata riziki. Hakuna atakayethubutu kukuuliza. Nikirudi tutazungumza. Nisiporudi, ndiyo hivyo, hakuna cha kuzungumza."

Lovina akakaa juu ya pipa. Alikuwa amemwona mwizi anayebeba, kumbe ni mtu anayeacha kila alichonacho mlangoni mwa mwingine na kutaka kuondoka kabla hajaonekana. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alitaka kumwomba radhi, alitaka kumkumbatia na chambo chake chote. Na kabla hajafanya lolote kati ya hayo, hasira nyingine ikaja, mpya, ambayo hata yeye hakuitarajia.

"Kwa hiyo unakwenda," alisema. "Nikitia saini unakwenda. Nisipotia unakwenda."

"Nimeshaapa, Vina."

"Na Alhamisi ulinitazama machoni, ukaniomba nikubali unioe, ukijua hayo yote. Ukanyamaza."

"Niliogopa. Nikasema ukijua naondoka, utakubali kwa huruma."

"Na nisipojua nikubali kwa nini? Kwa ujinga?"

Jud aliacha kuizungusha kofia. Lovina aliona jinsi macho yake yalivyojaa machozi, akajigeuza upande kwa sababu asingeweza kuyavumilia.

"Usitie saini," alisema Jud kwa sauti ya chini.

"Unasema nini?"

"Nasema boti ibakishe. Ile ndiyo mikono ya baba yako. Nikizama nayo, utakuwa umepoteza vyote viwili kwa siku moja. Afadhali unipoteze mimi peke yangu."

"Judson Alley," alisema Lovina, akisimama, "usinipangie cha kupoteza."

Akatoka. Alishika njia ya kurudi nyumbani mbio mbio, na nusu ya njia akasimama bila sababu, akarudi hatua tano, akasimama tena, kisha akaendelea. Mama anasema usitie saini, ili abaki. Jud anasema usitie saini, ili aondoke peke yake. Wote wawili wamekubaliana juu ya neno moja na hakuna anayesema kitu kimoja. Na yeye? Alimpenda. Hilo lilikuwa wazi kama jua. Alikuwa na hasira naye, hilo nalo lilikuwa wazi. Kilichomshinda ni jinsi mambo mawili yaliyo wazi yanavyoweza kuchanganywa yakawa giza.

Luteni Prescott alifika saa tisa kamili. Alikuwa kijana mwenye pua iliyobabuka kwa jua, na adabu nyingi. Bi Keziah alikuwa ameapa kutompa hata maji, lakini mkono wake haukuwa umezoea mgeni mwenye sahani tupu. Kufumba na kufumbua luteni alikuwa na kipande cha pili cha keki.

"Hatii saini," Bi Keziah alimwambia. "Kula, lakini hatii saini."

"Nimekuelewa, mama. Serikali inakodi tu. Vita vikiisha boti inarudishwa, kama ipo."

"Na kama haipo?"

"Serikali italipa."

"Itanilipa nini? Itanijengea Amasa mwingine?"

Luteni akaitazama keki yake. Lovina, aliyekuwa amesimama karibu na jiko, akavuta kiti na kukaa mbele yake.

"Luteni, nina maswali."

"Uliza tu, dada."

"Jumanne ulimuuliza Judson Alley habari za boti za huku. Alikujibu nini?"

Luteni akacheka kidogo. "Alisema zote zimeoza. Ijumaa nilipoiona hii ya kwenu, nikajua nimepata mwongo wangu wa kwanza."

Bi Keziah, aliyekuwa amekitoa chungu cha maharage tanurini na kukikoroga, akaacha kukoroga.

"Nisipotia saini, Jud atakwenda na ile ya Bwana Loring?"

"Ndiyo."

"Wewe umeipanda ile?"

"Nimeipanda."

"Ungeipanda mwezi wa Novemba, upepo ukitoka kaskazini mashariki?"

Luteni aliweka uma chini. Alimtazama Lovina, na ule ujana ukamtoka usoni.

"Mimi napanda ninayopewa, dada," alisema. "Usiniulize zaidi ya hapo."

Hakuhitaji kuulizwa zaidi.

"Na nikitia saini?"

"Anayeijua boti huenda na boti. Yeye ndiye atakayeshika usukani."

"Lovina," mama yake alisema kwa haraka. "Mwanangu. Boti ikiondoka, huyo kijana hana sababu ya kubaki."

"Hana sababu ya kubaki hata sasa, mama. Ameshaapa. Anakwenda. Kilichobaki ni kujua tu anakwenda amekanyaga mbao za nani."

Bi Keziah aligeukia dirisha. Kwa miaka thelathini alisimama kwenye dirisha lile siku za upepo mbaya, akingoja, na kwa miaka thelathini mbao za Amasa zilimrudisha Amasa nyumbani hadi akafia kitandani kwake kama mtu yeyote wa nchi kavu. Kisha alifika mezani, akaondoa bakuli la sukari, akaisukuma chupa ya wino upande wa binti yake, na kurudi kwenye chungu chake bila kusema lolote.

Lovina aliandika jina lake. Herufi ya mwisho ilikwenda mrama.

"Jina la boti litafunikwa," luteni alisema kwa upole. "Itakuwa na namba tu. Nimeona vizuri nikuambie mapema."

"Sawa," alisema Lovina. Haikuwa sawa hata kidogo.

"Nilikuambia usitie saini," ilisema sauti mlangoni.

Jud alikuwa amesimama kizingitini, amenyoa, amebadili shati, na ameshika kofia. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini.

"Nilikusikia," alijibu Lovina bila kumtazama.

"Vizuri umekuja, Alley," alisema luteni. "Fomu yako imerudishwa kwangu. Umeacha nafasi moja wazi." Akatoa karatasi nyingine mkobani, akaikunjua. "Ukipatwa na jambo, nani aarifiwe?"

"Niliiacha makusudi, bwana. Hakuna mtu."

"Lazima pawe na mtu. Ikiwa wazi hawakupokei."

"Basi andika hakuna."

"Hapana pa kuandika hakuna."

Jud akatazama viatu vyake. Bi Keziah, ambaye asubuhi alimhesabia kijana huyu kila asichokuwa nacho, akaanza kuosha chombo ambacho kilikuwa tayari kisafi. Luteni akangoja, kalamu mkononi.

"Andika Lovina Farnham," alisema Lovina.

Luteni akaandika. "Uhusiano?"

Jud aliinua macho, akamtazama Lovina, kisha akayashusha tena upesi, kama aliyekamatwa akiomba.

"Naweza kuandika rafiki," alisema luteni, akitaka kuwasaidia. "Wengi huandika hivyo."

"Rafiki huarifiwa vipi?" Lovina aliuliza.

"Hupelekewa barua. Baadaye baadaye, mambo yakishatulia."

"Na telegramu hupelekewa nani?"

"Mama wa mtu. Au mke."

Lovina aliona miezi yote iliyokuwa mbele yake. Alijiona akivuta madema, akirudi, akiuliza posta, akiambiwa hakuna kitu, na barua ikiwa bado iko njiani inajikokota kwa rafiki. Hakujua kama anachotaka kusema ni ukweli au ni uongo, kama ni ujasiri au ni wazimu, kama amemsamehe au bado. Alijua tu hataki kuwa wa mwisho kuambiwa.

"Andika mke."

Sahani ilimponyoka Bi Keziah ikaanguka ndani ya beseni. "Lovina!"

"Vina," alisema Jud, amekuwa mweupe kama chokaa. "Vina, nakuomba. Usinihurumie."

"Nyamaza, Jud. Nani kakuambia nakuhurumia? Nimekukasirikia, na nitaendelea kukukasirikia hadi Krismasi. Ukitaka nikome, uwepo hapa hiyo Krismasi uniombe."

"Dada, nikiandika lazima iwe kweli," alisema luteni.

"Boti inaondoka lini?"

"Jumatatu asubuhi."

"Kesho saa nne mchungaji yuko kanisani, na karani wa kijiji, anayetoa vibali vya ndoa, ni ndugu wa mama. Itakuwa kweli kesho. Wewe andika leo."

Luteni alimtazama Bi Keziah. Bi Keziah alikuwa amejifuta macho kwa aproni, akamtazama Jud kutoka kichwani hadi miguuni, akashusha pumzi.

"Andika, mwanangu," alimwambia luteni. "Na wewe, Judson, usisimame mlangoni kama mdai. Ingia ndani, ule."

Jud aliingia. Hakula. Alikaa kwenye kiti cha pembeni na kuushika mkono wa Lovina chini ya meza, na mkono wake mkubwa ulikuwa baridi. Lovina aliuacha ushikwe. Alitaka kufurahi. Nusu yake ilifurahi hasa, ilitaka kuinuka na kuimba, na nusu nyingine ilikaa kimya kabisa ikisikiliza kalamu ikikwaruza karatasi.

Luteni alifika mstari wa mwisho, akachovya wino.

"Na telegramu," alisema, bila kuinua kichwa, "iletwe wapi, Bi Alley?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwita jina hilo. Lovina alihisi vidole vya Jud vikikaza juu ya vyake.

"Hapa," alisema. "Iletwe hapa. Nitakuwepo."